Oleanda Ndani ya Gunia la Mbuzi

Kila siku baada ya shule, kabla hajavua hata soksi, Nuha alipita kwanza bustanini. Maji ya kusuuzia nguo yalikuwa yakimngoja kwenye beseni, na kazi yake ilikuwa kuyagawa: kikombe kwa huyu, kikombe kwa yule. Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Kola, mjini Machakos, na mama yake alikuza mimea ya kupamba nyumba za watu.

Kila mmea ulikuwa na kwao. Begonia na ferni zilitoka Limuru kwenye baridi na ukungu, basi zilikaa chini ya neti nyeusi ya kivuli, maana jua la Machakos lingezikaanga. Asumini na bogenvilia zilitoka Mombasa, alikozaliwa mama. Hizo zilipenda jua, lakini asumini ilidai maji kama mtoto anayeachishwa ziwa. Oleanda tu ndiyo haikudai chochote. Mvua inyeshe, isinyeshe, ilisimama kando ya ua na majani yake membamba marefu na maua yake ya waridi, imependeza kuliko yote.

"Wateja wanaipenda kwa sababu haisumbui," Mama Nuha alikuwa akisema. "Lakini ina sumu, kuanzia mzizi mpaka ua. Matawi yake yanazikwa. Hayachomwi, moshi wake mbaya. Na hayatupwi ovyo."

Mimea mingine haikuwa na shida. Nyasi na matawi ya haibiskasi yaliyokatwa bustanini yalitiwa kwenye gunia yakapelekwa kwa jirani, Mama Mukai, aliyefuga mbuzi wawili. Mmoja alikuwa wa maziwa. Mume wa Mama Mukai alikuwa amefariki mwaka uliopita, na maziwa ya mbuzi huyo ndiyo aliyokunywa kitindamimba wake, Musau, ambaye tumbo lake lilikataa maziwa ya ng'ombe. Wakati wa kiangazi, gunia lile la majani lilikuwa chakula cha mbuzi, na mbuzi alikuwa chakula cha Musau.

Ijumaa hiyo Mama Nuha alikuwa amepogoa bustani nzima. Alipokuwa akifunga kilemba chake ili aende kwa mteja, alimwita Nuha.

"Rundo hili ni nyasi na haibiskasi, mpelekee Mama Mukai. Kesho ana wageni wa maombi ya kumkumbuka marehemu, hatapata nafasi ya kutafuta majani. Rundo lile ni oleanda. Vaa glavu, chimba shimo nyuma ya choo, uzike. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nuha alivaa glavu, akachukua sururu, akaanza kuchimba. Ardhi ilikuwa haijaonja mvua kwa muda mrefu, na kila alipopiga, sururu ilimrukia. Kipande cha udongo kilichobanduka kilikuwa kama sahani tu. Huko barabarani, wasichana wa mtaa walikuwa wameanza kuruka kamba, na Lavender, anayesoma naye gredi ya sita, alimwona.

"Nuha, siku hizi umekuwa mchimba makaburi? Nani amekufa?"

Wengine wakacheka. "Mwacheni, anajitafutia kazi ya kaunti."

Nuha aliangalia shimo, akaangalia rundo. Matawi yenyewe yalikuwa yamenyauka, hayakuwa mengi. Akajiambia mbuzi wana akili, hawatakula kichungu. Aliyasokota, akayatia chini kabisa ya gunia, akafunika kwa nyasi na haibiskasi, kisha akaburuta gunia mpaka kwa jirani.

Mama Mukai alikuwa uani akichagua maharagwe. Alimpokea kwa mikono miwili.

"Nuha wakwa, mwanangu, sijui ningefanya nini bila nyinyi. Mungu akuongeze urefu."

Jioni mama aliporudi, aliuliza akiwa bado mlangoni. "Umezika?"

"Nimezika."

"Umenawa mikono?"

"Nimenawa."

Hilo la pili lilikuwa kweli.

Jumamosi asubuhi uani kwa Mama Mukai hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Watu walikuwa wametoka Kola, wengine Masinga, na kila aliyeshuka alikuja na habari yake: nani ameoa, nani ameachwa, nani amejenga kwa mawe na hana kitanda. Shangazi Kavindu, dada ya marehemu, alikaa kwenye kigoda katikati ya wanawake, akipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kupika watu kwa wakati mmoja. Mama Nuha alikuwa amerudi kwa mteja wake kumalizia kazi, akiahidi kufika saa ya maombi. Nuha alikuwa ndani akipiga pasi aliposikia sauti ikiita juu ya ua.

"Jamal! Leta kisu mbio, kabla hajakata roho."

Aliyeita ni Mbithi, mdogo wa marehemu. Ami Jamal, kaka wa baba yake Nuha, aliyekuwa akiishi nao, alichomoka na kisu chake. Hilo lilikuwa jambo la kawaida pale mtaani. Mnyama akiugua ghafla hakuachwa afe, alichinjwa angali anapumua ili nyama isipotee. Na kwa sababu majirani wa dini mbili walikula pamoja, Mwislamu ndiye aliyeitwa kuchinja.

Nuha alimfuata ami yake. Yule mbuzi wa maziwa alikuwa amelala ubavu, mate yakimtoka, miguu ikitetemeka kama ya mtu mwenye homa kali. Alijaribu kusimama, akaanguka tena kwa magoti.

"Amefura tumbo," Mbithi alisema. "Ni shibe. Wakati wa ukame mbuzi akipata majani mengi hajui kuacha."

Ami Jamal alisoma bismillahi, akachinja.

"Basi ndugu yangu ametuonea huruma," Shangazi Kavindu alisema huku akipangusa mikono. "Aliona mnataka kutulisha muthokoi mkavu, akatuma nyama."

Watu walicheka. Mama Mukai hakucheka. Alikuwa ameshika kile kikopo chake cha kukamulia, kikiwa kitupu. "Na Musau atakunywa nini?" aliuliza.

Karibu na hori Nuha aliona kijiti kimoja chembamba, kimeliwa majani yote. Alikitambua. Kilikuwa cha oleanda.

Mukai, rafiki yake, alimshika mkono. "Mbona umesimama kama nguzo ya stima? Njoo tukate vitunguu, shangazi asije akatutangaza Masinga nzima kuwa sisi wavivu."

Nuha alikata vitunguu. Machozi yalimtoka na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mbele yake nyama ilikatwa, ikaoshwa, ikatiwa kwenye sufuria kubwa ya kukodisha. Alijiambia labda ni shibe kweli. Alijiambia mama akija atamnong'oneza. Moto ulishika, supu ikaanza kutoa povu, na watu wakaanza kutafuta sahani. Alifungua mdomo mara kadhaa, na kila mara aliona jinsi macho yale yote yatakavyomgeukia, akaufunga.

Pembeni, Mbithi alikuwa amebanika ini juu ya makaa, kama ilivyo desturi, ili wanaume waonje huku wakingoja. Musau, ambaye hajafika umri wa shule, alikuja akamvuta suruali. Mbithi alikata kipande, akakipuliza, akamtia mdomoni.

"Kula, mwanamume. Hiki ni chako."

Musau alitafuna huku akimtabasamia Nuha.

Nuha aliangusha kisu. Alimfikia Musau, akamtia kidole mdomoni, akatoa kilichobaki. Mtoto akaanza kulia.

"Wee, una wazimu?" Mbithi alimsukuma. "Unamnyang'anya mtoto chakula?"

"Msile," Nuha alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Msile hiyo nyama. Mbuzi alikula oleanda. Ni sumu. Mimi ndiye niliyeitia kwenye gunia."



"Nuha, unasema nini?" Ami Jamal aliuliza.

"Mama aliniambia nizike. Ardhi ilikuwa ngumu. Sikuzika. Halafu nikamwambia nimezika."

Shangazi Kavindu alipinda mdomo. "Majani ya maua yaue mbuzi? Mimi nimekula mbuzi wa kila ugonjwa na mnaniona. Watu wametoka mbali, jamani, wana njaa. Tusiharibiwe nyama na maneno ya mtoto."

Wengine waliitikia kwa kichwa kukubaliana naye. Mwanamke mmoja alikuwa tayari ameinua mwiko. Nuha alikwenda akasimama kati yake na sufuria, joto likimchoma miguuni.

"Angalieni yule mwingine," alisema.

Waligeuka. Yule mbuzi wa pili, aliyekuwa amesahaulika kwenye kivuli cha banda, alikuwa amepiga magoti. Mate yalimtiririka mpaka chini. Hapo hakuna aliyezungumza tena juu ya njaa. Mwanamke aliweka mwiko chini polepole, kana kwamba ungemuuma.

Ami Jamal alimpigia simu Mama Nuha, akaweka kipaza sauti ili wote wasikie. "Mtu yeyote asiguse nyama hiyo, wala supu, wala matumbo," mama alisema, na pumzi yake ilisikika akikimbia. "Mbwa pia wasipewe. Musau apelekwe hospitali sasa hivi, hata kama anacheza. Chukueni tawi la oleanda, daktari alione kwa macho yake. Lifungeni kwenye karatasi, msilishike mikono mitupu."

Mama Mukai alipanda boda boda akiwa amempakata Musau, na Ami Jamal akawafuata kwa nyingine na tawi lake ndani ya gazeti. Mama Mukai hakumtazama Nuha alipopita.

Waliobaki walizima moto. Mbuzi wa pili alikufa kabla maombi hayajaanza. Mbithi alileta sururu mbili, akampa Nuha moja, na wakaanza kuchimba. Hakuna aliyecheka, hata Lavender na wenzake waliokuwa wamejipanga kwenye ua wakitazama. Mukai alikaa mlangoni akiwa amegeuza uso. Nuha alipomwita, alisema tu, "Tulikata vitunguu pamoja muda wote ule. Ulinyamaza."

Mama Nuha alifika na vumbi la bustani ya mteja bado likiwa kwenye buibui lake. Alishuka shimoni, akachukua sururu ya Mbithi, akachimba kando ya binti yake. Kisha akauliza huku akiendelea kuchimba.

"Glavu ulivaa?"

"Nilivaa."

"Kwa hiyo mkono wako ulijua ni sumu." Alipiga sururu. "Oleanda ikiwa mbichi mbuzi anaweza kuikataa. Ikinyauka, tena imechanganywa na nyasi, anaimeza. Sikukuambia uizike ili nikuchoshe."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi si wa kwanza kuombwa msamaha. Chimba."

Mbuzi wa pili, nyama ya yule wa kwanza, supu na lile ini vilifukiwa pamoja. Wageni walikula muthokoi mkavu, wakasali kwa sauti ya chini, na jua lilipoanza kuteremka walianza kuondoka mmoja mmoja. Shangazi Kavindu, ambaye hakuwahi kukosa neno, alimpita Nuha langoni akamgusa bega tu.

Hospitalini Musau alitapika. Daktari aliuliza mtoto amekula nini, akaonyeshwa tawi. Alisema kipande kidogo cha ini huenda kisingemdhuru sana, lakini sumu hiyo hushika moyo, na moyo wa mtoto haubahatishwi. Musau alilazwa, akapimwa mapigo ya moyo usiku kucha.

Jumapili asubuhi Nuha na mama yake waliwakuta Mama Mukai na Musau nje ya wodi kwenye benchi. Musau alikuwa ameruhusiwa, amelala mapajani mwa mama yake, bendeji ndogo ya sindano mkononi. Mama Nuha aliwasalimu, akaeleza aliyokubaliana na Mbithi: familia ya akina Nuha italeta mbuzi mwingine wa maziwa, na mpaka siku hiyo Nuha mwenyewe atakuwa akimletea Musau maziwa ya mbuzi kila asubuhi kabla ya shule.

Mama Mukai alisikiliza, macho yakiwa mekundu kwa kukosa usingizi. Kisha akamwambia Nuha akae. Nuha alikaa chini sakafuni badala ya kwenye benchi.

"Nisamehe, Mama Mukai," alisema.

"Ngoja kwanza, nina neno." Alimfunika Musau vizuri kwa kanga. "Jana usiku daktari aliniambia wazazi wengi huja hapa hawajui mtoto amekula nini, na yeye hujaribu hiki na kile wakati saa zinakwenda. Mimi nilikuja na jibu mkononi. Jibu hilo ni wewe ulilitoa, mbele ya watu wenye njaa waliokuwa tayari kukufukuza. Hilo ninalijua."

Nuha aliinua uso.

"Lakini ulikata vitunguu vya nyama hiyo. Kama Musau asingemfuata Mbithi akibanika ini, wageni wangu wote wangekula, na wewe ungekuwa bado unajiambia ngoja kidogo. Uvivu ulikuwa wa dakika chache tu, mwanangu. Uongo ndio uliokaa nyumbani kwangu usiku kucha ukila na mbuzi wangu. Mtu akikupa kazi yenye hatari, ikikushinda, mwambie imenishinda. Hakuna aliyekufa kwa kusema hivyo."

Alisimama, akampa Nuha mfuko wa dawa aubebe, kisha akamtazama tena.

"Umeniokolea mtoto na umeniulia mbuzi. Yote mawili ni yako. Usije ukashika moja ukasahau lingine."

Nuha alibeba mfuko kwa mikono miwili, wakatoka.