Injini Iliyonguruma Bila Kukanyagwa

Siku ya soko, kijiji cha Kingi kiliamka mapema. Wanawake walishuka kutoka mashambani na viazi, maharage na kabichi. Walipakia mizigo yao kwenye lori la Sebarenzi, kisha wakapanda juu yake. Lori liliwashusha hadi Bweremana, kando ya Ziwa Kivu, na jioni liliwarudisha na chumvi na samaki.

Ulikuwa mwaka wa 1954. Lori, au kamiyo kama walivyoliita, lilikuwa kuukuu, lakini watu wa Kingi walilipenda. Sebarenzi alikuwa mwenye lori. Dereva alikuwa Evode, mdogo wake wa tumbo moja.

Siku hizo Evode alikuwa na hasira. Injini ilikuwa haitaki kutulia. Hata akiondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, ilinguruma tu. Akisimama njiani ilinguruma. Akishuka mlima, lori lilimsukuma mbele badala ya kupunguza mwendo, na breki zikatoa harufu ya kuungua. Alimwambia kaka yake mara nyingi. Sebarenzi alikuwa na jibu lake moja.

"Wewe uko na muguu muzito. Punguza muguu."

Hebu fikiria. Mtu anakuambia nyumba inavuja, nawe unamwambia apunguze kulowa!

Asubuhi ile, mama yao, Athanasie, alisimama hatua chache mbele ya lori na kikapu cha viazi. Magunia yake yalikuwa karibu naye. Alimwita Evode kwa mkono asogeze lori kidogo.

Evode aliwasha injini, akatia gia. Akaachia klachi taratibu, kama mtu anayeweka mtoto kitandani. Lori likaruka. Mama Athanasie alijitupa mtaroni, na gurudumu likasaga kikapu chake.

Evode alizima injini, akaruka chini. Mama alikuwa mzima. Alikuwa amechubuka kiwiko tu. Kabla Evode hajamwinua, Sebarenzi alifika akipiga kelele mbele ya wanawake wote wa soko.

"Ulitaka kuua mama! Muuaji wewe! Umelewa?"

"Muguu yangu haikukuwa kwa pedali, kaka! Naapa!"

"Kwani kamiyo iko na muguu yake? Leta ufunguo!"

Evode alimpa ufunguo. Muuaji! Neno hilo lilisemwa mbele ya watu wote. Kesho lingefika mji wa Mweso, kesho kutwa lingefika kila mahali. Nani tena angepanda lori linaloendeshwa na muuaji wa mama yake? Na kazi nyingine hakuwa nayo.

"Leo nitaendesha miye mwenyewe," alisema Sebarenzi. "Bamama, pandeni."

"Kaka, usishuke mulima na ile injini. Mutakufa na hawa bamama."

"Nyamaza!"

Sebarenzi aliwasha injini, ikalia kwa nguvu. Hapo ndipo jirani yao Straton alipotoka nyumbani kwake, shati halijafungwa vifungo. Straton alikuwa fundi. Alifanya kazi miaka mingi katika gereji moja ya kampuni ya madini huko Walikale. Ulimi wake ulikuwa mkali, na alijua hivyo.

"Zima!" alifoka. "Kila siku munaniamusha na hii kelele! Nani ataendesha kintu cha namna hii na bantu juu? Shuka!"

"Kamiyo ni yangu," alisema Sebarenzi.

"Na hawa bamama nao ni bako? Shuka!"

Sebarenzi alishuka, amekunja uso. Wanawake nao walishuka haraka. Straton alivuta breki ya mkono, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Akafungua boneti. Sebarenzi alisogea kuangalia, kiko kikiwaka mdomoni. Straton alimnyang'anya kile kiko na kukitupa kwenye matope, mbali na petroli.

"Moto karibu na esanse! Unataka kutuchoma sisi bote?"

Wanawake waliziba midomo wasicheke. Straton alimgeukia Evode.

"Wewe dereva, kuja hapa. Usikasirike bure, angalia. Injini inakunywa hewa na esanse. Hapa kwa kabureta kuko mulango mudogo. Ukikanyaga pedali, mulango unafunguka. Ukitosha muguu kwa pedali, mulango unafunga, na injini inatulia. Ule mutulio tunaita ralanti. Sasa ralanti yenu iko juu sana. Tunaanzia wapi?"

"Kwa pedali," alisema Evode. "Pengine inakwama."

"Vizuri. Kanyaga, achia."

Evode alifanya hivyo. Straton aliangalia waya na springi. Mlango ulirudi wote na kufunga. Aliangalia kitufe kinachovutwa asubuhi ya baridi ili injini iwake. Kilikuwa kimesukumwa ndani, kama inavyotakiwa injini ikishapata moto. Kisha akagusa skrubu ndogo ya ralanti.

"Nani alilegeza hii mupaka mwisho?"

"Miye," alisema Evode. "Nilitaka ipunguze kelele. Haikusaidia."

"Haiwezi kusaidia. Mulango umefunga, skrubu imelegezwa, na injini inalia tu. Maana yake nini?"

Evode alifikiri. "Hewa inaingilia fasi ingine."

"Njo vile! Leteni maji, na unyoya ya kuku. Si esanse, maji! Muntu akimwanga esanse kwa injini ya moto, tutamuzika."

Straton aliwasha injini. Alichovya unyoya majini, akadondosha matone polepole pale kabureta inapokutana na bomba la kupeleka hewa kwenye injini. Upande mmoja, hakuna kilichobadilika. Upande wa pili, maji yalifyonzwa ndani, fyuu! Injini ikashusha sauti na kukohoa. Maji yalipokwisha, ikanguruma tena.

"Mwizi ni huyu," alisema Straton, akazima.

Walingoja injini ipoe. Kisha Straton alifungua nati na kuinua kabureta. Chini yake palikuwa na kipande cheusi, kimejikunja na kupasuka ukingoni. Alikiinua ili wote waone.

"Ngozi ya ng'ombe! Nani aliweka ngozi hapa?"

Mama Athanasie ndiye aliyesogea. Alikitazama kipande, kisha akamtazama mwanawe mkubwa.

"Sebarenzi, hii si ile ngozi ya kitanda changu? Ulikata kipande wakati Evode alikuwa kwa kilio ya bakwe zake."

Sebarenzi alikuna kichwa. "Nilisafisha kabureta. Karatasi ya katikati ikapasuka. Lakini ngozi inafunga kila kintu, Mama! Ngoma, kitanda, mulango..."

"Ngoma haiko na moto ndani!" Straton alifoka. "Ngozi ikipata joto inakauka, inajikunja, hewa inapita. Hapa inafaa karatasi nene ya gereji tu, ile haiogope joto wala esanse."

Alikuwa na kipande cha karatasi hiyo sandukuni. Alikikata sawasawa na umbo la kabureta. Evode alikwangua mabaki ya ngozi kwa kisu, taratibu, asikwaruze chuma. Walirudisha kabureta. Walikaza nati kidogo upande huu, kidogo upande ule, ili ikae sawa. Wakawasha. Injini ilipopata moto, Evode alikaza skrubu ya ralanti polepole, mpaka injini ikatulia bila kuzimika.

Sebarenzi alimrudishia Evode ufunguo. Evode aliupokea, na wanawake wakapanda tena. Aliendesha kwa ajili ya viazi vya wanawake, si kwa ajili ya kaka yake. Kwenye mteremko mkali aliondoa mguu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi injini ililishika lori. Lilishuka kwa adabu hadi Bweremana.

Hapo Evode aliteremka, akaacha injini ikiwaka.

"Kamiyo yako ile," alimwambia kaka yake. "Tafuta dereva ingine. Muuaji haendeshe bantu."

Akaanza kuondoka. Mama Athanasie, aliyekaa mbele pamoja nao, alimsukuma Sebarenzi kwa kile kiwiko chake kilichochubuka. Sebarenzi alishuka.

"Bamama, ngojeni," alisema. "Asubuhi nilisema Evode alitaka kuua mama. Niliongopa. Ngozi niliiweka miye. Evode aliniambia kamiyo iko mugonjwa, sikumusikia. Ni miye ningeua mama, na ninyi bote."

Evode alisimama. Alikunja mikono kifuani. Hasira yake ilikuwa haijaisha.

"Rudilia," alisema. "Kwa nguvu. Bale ba nyuma hawakusikia."

Wa nyuma walikuwa wamesikia vizuri sana, maana injini ilikuwa ikinguruma chini kwa chini tu. Lakini Sebarenzi alirudia.