Rula na Daftari la Vikao

Mimi ni fundi cherehani. Mdogo wangu ni mhandisi, tena anafundisha chuo kikuu. Nyumbani tunamwita Rula. Tangu utotoni alikuwa akipima kila kitu, hata kipande changu cha mkate, aone kama kimezidi chake.

Watu wa kabila letu ni wachache. Tukizungumza lugha yetu dukani, watu wanageuka kututazama. Idara ya Rula ina walimu kumi na wanne. Mwanamke ni yeye peke yake. Wa kabila letu ni yeye peke yake. Wageni wakifika wanamwuliza, "Dada, chai iko wapi?"

Zamani walikuwa wawili. Mwenzake, binti wa kwetu aliyefundisha mambo ya maji, alinyimwa cheo, akaacha kazi. Sasa ni miaka miwili.

Jioni moja nilikuwa nashona sare za shule. Rula akaingia, akakaa bila kuvua viatu. Akanipa karatasi mbili.

"Kwa hii wameninyima cheo tena, dada. Mara ya tatu. Na hii nimeandika mwenyewe. Ijumaa naacha kazi."

Roho iliniuma, nikafoka. "Miaka tisa! Yule uliyemfundisha kupima udongo kapanda cheo, wewe je?"

"Niache, dada. Nimechoka."

Kuchoka kwake nakujua. Rula alibuni kipimo cha kuonyesha mapema kama barabara ya mlimani itaporomoka. Makala ilipochapishwa, jina la kwanza lilikuwa la mkuu wa idara. Rula alishukuriwa chini kabisa, pamoja na dereva. Namheshimu dereva, lakini dereva hakupima udongo!

Nikamwita jirani yangu, Mama Faili. Yeye ni karani mstaafu. Miaka thelathini alitunza mafaili ya kamati ya vyeo ya chuo hichohicho. Alivaa miwani, akaisoma barua mara mbili.

"Wanasema hujafikia kiwango. Kiwango gani, mwanangu?"

"Sijui, mama."

"Umeuliza?"

"Nitaulizaje? Wataniona mkaidi."

Mama Faili akatikisa kichwa. "Hapo ndipo unapokosea. Kanuni za kupanda cheo zipo. Zimechapwa. Kila mwalimu ana haki ya kuzisoma. Ukikataliwa, una haki ya kuomba sababu kwa maandishi. Halafu, kwa chuo chenu, una siku thelathini za kukata rufaa kwenye kamati kuu. Hupitii kwa mkuu wa idara. Barua hii ni ya lini?"

Rula akahesabu kwa vidole. "Ina siku ishirini na mbili."

"Zimebaki nane. Hiyo barua ya kuacha kazi iweke kando. Sasa niambie, kazi gani hasa zinakula muda wako?"

Rula akazitaja. Anapokea wageni. Anawashauri wasichana wote wa idara. Anaandika mihtasari ya vikao, mwaka wa saba huu.

"Kwa nini wewe tu?"

"Mkuu anasema nina mwandiko mzuri."

"Amekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema Mama Faili. "Kamati inahesabu utafiti, makala na wanafunzi uliowasimamia. Kuandika mihtasari hakuhesabiwi. Ushahidi kwamba kipimo ni chako uko wapi?"

"Sina. Hatukuandikiana kitu."

"Kwenye vikao mlikizungumzia?"

"Kila mwezi."

"Na nani aliandika mihtasari?"

 Rula akasema polepole, "Mimi."

Kesho yake alileta nakala za daftari la vikao. Tuliondoa vitambaa juu ya meza yangu ya kukatia, tukazipanga. Mdogo wangu ni mwaminifu mpaka anakera. Alikuwa ameandika kila kitu kama kilivyosemwa, na nani alikisema. Mara kumi na moja ilionekana wazi kwamba kipimo alikibuni yeye. Na chini ya kila muhtasari palikuwa na sahihi ya mkuu wa idara.

Rufaa ilipelekwa siku ya ishirini na nane.

Miezi minne iliyofuata ilikuwa michungu. Wenzake walimpita bila salamu. Walimnyang'anya ufunguo wa maabara. Alikonda mpaka nikampunguzia sketi mara mbili. Ungemwona, usingesema huyu ni mtu anayedai haki yake. Ungedhani ameiba.

Majibu yakaja. Alipandishwa cheo. Makala ikasahihishwa, jina lake likawa la kwanza. Kamati ikaweka utaratibu kwa idara zote: kabla ya utafiti kuanza, watafiti waandike nani anafanya nini, na wote watie sahihi. Mihtasari iandikwe kwa zamu.

Kikao cha kwanza, mkuu alimsogezea Rula daftari kama kawaida. Rula akalirudisha taratibu.

"Leo zamu yako, mkuu."

Aliandika. Mwandiko wake ni kama wa kuku aliyekanyaga wino, lakini unasomeka.

Jumamosi tulikwenda kumwona yule binti wa kwetu. Siku hizi anauza rangi za nyumba. Rula alimpa nakala ya kanuni. Aliisoma amesimama, mikono ina rangi.

"Hizi zilikuwepo wakati ule?"

"Zilikuwepo. Kwenye kabati lililo mbele ya ofisi yetu."

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko.

"Siku zangu thelathini zimeshapita."

"Zimepita," alisema Rula. "Lakini nafasi ya kufundisha imetangazwa. Nitakusaidia kuandika maombi."

"Siwezi kukujibu leo."

Mteja alimwita. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaenda kuchanganya rangi.

 Njiani nikamwuliza, "Umepata cheo chako, mbona umenuna?"

"Dada, meza yangu ilikuwa ya pili kutoka kwake. Nilimwona akifungasha vitabu, sikumwuliza kitu. Na muhtasari wa kikao kilichotangaza kuondoka kwake niliandika mimi."

"Uliandika nini?"

"Niliandika: ameacha kazi kwa hiari yake."