Doa Chini ya Unyayo wa Mjomba

Kila nikitoka shule hupitia kwenye kibanda cha mjomba wangu, fundi viatu, kumpakia uzi nta kabla hajashona soli. Siku hiyo nilimkuta amevua kiatu, mguu kaupandisha gotini, anakwangua unyayo wake kwa kisu kilekile cha kukatia ngozi.

"Mjomba! Unafanya nini?"

"Sugu hii imenichosha. Nikiikata, inarudi."

Niliinama kutazama. Sugu gani! Lilikuwa doa jeusi, kingo zake zimepindapinda, linatoka damu. Mwaka uliopita lilikuwa dogo kama punje ya mtama.

"Twende hospitali. Muuguzi alituambia shuleni, doa linalokua huenda ni saratani ya ngozi."

"Ngozi nimeishika miaka thelathini, wewe ndiye wa kunifundisha ngozi? Na mama yako asisikie."

Mteja aliyekuwa akisubiri kandambili zake akadakia, "Hayo ni maradhi ya watu weupe, bwana. Sisi jua limetuzoea."

Wakacheka. Jamani, nilipandwa na hasira! Hata muuza dawa alikuwa amempa mafuta ya sugu mara tatu bila kumwambia, "Hebu vua kiatu nione."

Nilikaa na siri hiyo siku nne. Ya tano nilimwona anachechemea, nikamweleza mama kila kitu.

"Umenichongea, mpwa wangu?" mjomba alifoka.

"Ndiyo, nimekuchongea! Afadhali uninunie ukiwa hai!"

Mama hakubishana naye. Alikifunga kibanda kwa kufuli na kutia ufunguo kwenye mkoba wake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tutafungua tukitoka hospitali."

Hospitalini walikata kipande kidogo cha doa, wakakipima. Baada ya wiki mbili daktari alituita. Ilikuwa saratani.

"Kila chembe hai mwilini ina vinasaba vya kuizuia," alieleza. "Huiambia: basi, imetosha, usijigawe tena. Vikiharibika, chembe hujigawa bila breki. Jua kali linaweza kuviharibu, lakini si jua peke yake. Unyayo hauoni jua, na doa limeota. Hata mtu mweusi tii hupata."

"Na kisu changu?" mjomba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kisu chako, mzee, kilikata kinachoonekana tu. Ukapoteza mwaka mzima!" Daktari naye alikuwa amekasirika, nikampenda papo hapo.

Mjomba alipasuliwa, doa likatolewa pamoja na nyama iliyolizunguka. Walipima na tezi za kinenani kuona kama saratani imesambaa, wakazikuta salama. Alitembelea mkongojo miezi miwili.

Siku aliyofungua kibanda, yule mteja wa kandambili alikuja kumpa pole. Mjomba alivuta kigoda na kusema, "Weka mguu hapa nione unyayo."

"Mimi? Mimi sina kitu!"

"Na mimi nilisema hivyohivyo." Akanigeukia. "Mpwa wangu, mtu akikuomba umfichie ugonjwa, usimfichie, hata akikufokea. Ungenitii mimi, leo mngekuwa mmeshanizika."