Aliyeandika Kwenye Tovuti ya Shija

Tovuti ya gesti ya Shija haikuwa na mahali pa mgeni kuandika chochote. Goodness, aliyeitengenezea chumbani kwake Bariadi, aliijenga kwa kurasa za kusomwa tu: picha za vyumba, namba ya simu, ramani ya kufika gestini, Binza, mjini Maswa. Hakuwa na seva yake wala kanzidata. Mafaili aliyapandisha kwenye kampuni ya mbali, nayo ikayaonyesha kama yalivyo, basi.

Kwa hiyo asubuhi alipoona sentensi chini ya picha ya chumba cha mwisho, alidhani amepandisha faili lenye makosa.

"Hapa ndipo niliponyeshewa."

Akafungua faili lake. Sentensi haikuwemo. Akapandisha upya, akabadili nywila, akaitazama tena tovuti. Sentensi ilikuwa imerefuka.

"Hapa ndipo niliponyeshewa, Shija, na wewe umeshika ngazi."

Shija akapiga simu akifoka. "Wewe binti, nani kakutuma unichafue?"

"Mzee, pale hapaandikiki. Hata mimi lazima nibadili faili kwanza, na faili langu ni safi."

Shija akanong'ona, "Futa yote."

Goodness alifuta tovuti nzima, na akaunti yenyewe akaifunga. Hapo chumba chake kikajaa harufu ya pamba iliyolowa ikaoza, kiangazi kile ambacho hata vumbi la barabarani lilikuwa linaungua, na kompyuta aliyokwisha kuizima ikajiwasha, ukurasa ule ule ukafunguka, na nyuma ya picha ya kitanda akasikia mwanamke anakohoa taratibu, kikohozi cha mgonjwa asiye na wa kumpa maji.

Goodness alimkimbilia shangazi yake Nyanjige, mganga kutoka Kimali aliyekuwa amekuja mjini kutibu. Wakapanda basi hadi Maswa.

Walimkuta Shija gestini Binza, kwenye chumba cha mwisho, amelazwa kitandani. Rafiki yake Mabula alikuwa amemshika mikono. Kila Shija alipokohoa, pamba ilimtoka mdomoni, imelowa, na mbegu zake.

Nyanjige akapiga magoti. "Mayu, mama yangu, wewe ni nani?"

Mdomo wa Shija ukafunguka, sauti ikatoka ya mwanamke.

"Milembe. Mke wa kaka yake. Mume wangu alipokufa, huyu akaitaka nyumba yetu, hii hii, nikakataa kutoka. Wakaezua bati kwenye mvua, mimi naumwa ndani. Nilijifunika pamba yangu yote niliyokuwa sijauza. Ikalowa. Nikafa chini yake, wakasema ni homa."

"Shemeji, nihurumie," Shija akalia kwa sauti yake mwenyewe. "Nyumba nitamrudishia mwanao, naapa!"

"Nilikuomba uniachie bati moja, la juu ya kitanda. Ulinijibu nini?"

Shija akageuzia uso ukutani.

"Shangazi, mtoe," Goodness akanong'ona. "Atamuua."

Nyanjige alikuwa ameshaanza kufunga mfuko wake wa dawa. "Jini la kutumwa ningelifukuza, mwanangu. Huyu yuko kwake. Nimfukuzie wapi?"

Shija akajikunja, akakohoa mara ya mwisho, na bonge la pamba likamziba koo, macho yakamtoka, miguu ikapiga godoro ikipungua nguvu, ikipungua, mpaka ikatulia kabisa. Mabula akaiachia mikono ya rafiki yake polepole, akarudi nyuma kuelekea mlangoni bila kugeuka.

Mdomo wa maiti ukasema, "Mabula."

Mabula akasimama.

"Shija alishika ngazi. Aliyepanda juu alikuwa nani?"

Akatingisha kitasa. Mlango haukufunguka. Dari ya gesti ilikuwa mpya, na Bariadi mpaka Maswa hapakuwa na wingu. Tone la maji likamdondokea Mabula utosini, baridi, likafuatiwa na jingine.