Jibu la Prisila Upande B

"Sudi, rudisha nyuma!"

"Tena? Mara ya tatu hii, Joki. Mkanda utakatika."

"Rudisha, nakwambia!"

Sudi akabonyeza kitufe huku anacheka. Mimi nilikuwa nimeegemea kaunta ya kibanda chake pale Makambako, jirani na stendi, nimeshika tumbo kwa kicheko. Ilikuwa imebaki wiki moja ifike Krismasi ya mwaka 1994. Zama za ruksa hizo, biashara zimefunguliwa, redio kaseti zimejaa mitaani, na Sudi alikuwa anaishi kwa kuchapa kaseti: unampa moja, anakutolea nakala nyingi utakavyo.

Lakini hii ilikuwa kaseti ya aina yake. Nyimbo za Krismasi ndiyo, ila si zile za theluji na kengele. Gitaa la kopo, ng'oma ya debe, mtu anakwangua chupa ya soda kwa kijiko, na sauti nzito inaimba kwa masikitiko kabisa:

"Yosefu na Maria wamefika Makambako, gesti zote zimejaa madereva wa malori..."

Wimbo mwingine, nguruwe wa Krismasi amekata kamba akakimbilia kanisani, mchungaji anamwuliza kama amebatizwa. Mwingine, sikukuu imemkuta mama anapalilia mahindi, anawaambia malaika wakishuka wachukue majembe kwanza. Nilicheka hadi machozi.

"Watu wa wapi hawa?"

"Wa huku huku kwetu. Hawana bendi wala kampuni. Jamaa alikuja na wenzake wawili, tukatundika magodoro ukutani huko nyuma, wakarekodi. Nimechapa arobaini, zimebaki tatu."

"Anaitwa nani?"

"Hilario. Mwalimu wa kwaya kule Njombe."

Kicheko kikanikauka.

Mimi ni mtu wa wivu, sikatai. Wengine wamezaliwa na kigugumizi, mimi nimezaliwa na wivu. Mpenzi wangu Prisila alikuwa fundi cherehani Njombe, na alikuwa anaimba kwenye kwaya ya huyo Hilario. Kila nikienda kumwona, ni Mwalimu Hilario kasema hivi, Mwalimu Hilario kachekesha vile. Mwanzoni mwa Novemba nilimwomba tuoane. Akasema, "Nitakujibu." Nikarudi kwenye kazi yangu ya utingo wa lori, Makambako na Songea, Songea na Makambako, nasubiri jibu. Wiki sita, kimya!

Basi wimbo wa mwisho ukaisha. Sudi akanyoosha mkono azime redio, mara mkanda ukakwaruza, ikatoka sauti ya mwanamke:

"...kwa hiyo nimekubali. Usinicheke. Sijawahi kumwambia mwanamume maneno haya. Nimekubali kuwa mke wako. Krismasi njoo na mshenga, baba nimeshazungumza naye. Koti lako nimemaliza kulishona. Basi, kwaheri mpenzi wangu."

Kisha ikaingia kwaya. Kwaya yake Hilario, naijua.

Sauti ya Prisila ningeitambua hata katikati ya mnada wa ng'ombe.

"Sudi, hayo maneno yamo kwenye kaseti zote?"

"Zote arobaini! Watu wanadhani ni igizo. Jana kwenye hoteli ya Shamimu hapo jirani wateja wamemwomba arudie mara mbili. Vipi, mbona umebadilika?"

Nilichukua moja nikaondoka mbio hadi posta, nikapiga simu duka la Mama Dorosela, kule Njombe. Prisila alikuwa anashonea kwenye baraza ya duka hilo.

"Kamwene, Mama Dorosela. Naomba Prisila."

Nikasubiri aitwe.

"Haloo?"

"Koti umemshonea nani?"

"Joackim? Wiki sita hunitafuti, leo unaanza na koti?"

"Nimesikia uliyosema kwenye kaseti!"

Sauti yake ikalainika.

"Umeisikia? Ndiyo kwanza leo?"

"Kumbe hukatai!"

Nikabamiza simu. Nje nikadandia lori tupu la mbao lililokuwa linarudi Njombe, nikasimama nyuma, mvua yote ikaniishia mwilini. Njia nzima nilikuwa nampangia Hilario maneno. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na huyu nguo zenyewe anashonewa na mchumba wangu.

Na nilipofika, nimkute nani? Hilario! Amesimama barazani, mikono ameitanua, na Prisila amemzungushia futi kifuani.

"Pima vizuri!" nikapiga kelele tokea barabarani. "Bwana harusi asije akabanwa!"

Prisila akaachia futi. "Joackim, una wazimu? Hii ni sare ya kwaya."

"Kamwene, ndugu," Hilario akasema, mikono bado iko hewani.

"Usiniite ndugu! Ulianza kwa kunichekesha, kumbe unanichukulia mke."

"Mke gani?"

"Mama Dorosela, naomba redio yako. Tusikilize wote."

Mama Dorosela alikuwa mama mzima mwenye duka la vitenge, mtu asiyeipita habari. Akaileta redio upesi kuliko alivyowahi kuniletea chai. Nikaweka kaseti, upande B, mwishoni. Sauti ikatoka: "...kwa hiyo nimekubali. Usinicheke..."

Nilimwangalia Prisila nimwone akiumbuka. Alishika ukingo wa cherehani yake.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Dukani! Inauzwa Makambako, kwa Shamimu pale stendi wanairudia! Ziko arobaini!"

"Arobaini?"

"Wewe na huyu bwana wako mmeamua kunitangazia."

"Joackim," akasema polepole, "kaseti hiyo nilikutumia wewe."

"Mimi?"

"Novemba, siku nne tu baada ya kuniomba. Nilimpa dereva Yonathani mkononi. Hakukufikishia?"

Yonathani alinifikishia. Kaseti kuukuu, juu yake imeandikwa KWAYA.

"Mbona uliandika kwaya?" nikauliza, sauti imenipungua.

"Sikuandika mimi, ilikuwa kaseti ya kwaya kweli. Mpya ningeitoa wapi? Nikaziba vile vitundu vya juu kwa karatasi ili ikubali kurekodi, nikazungumza juu ya nyimbo. Ningeandika barua, lakini wewe mwenyewe uliniambia barua zinafikia gereji, wenzako wanazifungua na kuzisoma kwa sauti. Nikasema hili ni neno langu na lako, wasilisikie watu."

Mama Dorosela akaguna. "Mh! Makambako nzima imelisikia."

"Sasa niambie," Prisila akasema. "Ulipoipata, uliisikiliza?"

Hapo ndipo nilipotamani kurudi kwenye mvua.

"Sikuisikiliza."

"Kwa nini?"

"Niliona imeandikwa kwaya. Nikajua ni nyimbo za huyu. Nikasema mtu namwomba ndoa, yeye ananitumia sauti ya mwanamume mwingine. Nikampelekea Sudi, akanipa kaseti nyingine ya muziki wa dansi, hii nikamwachia."

Hilario akashusha mikono. "Loo! Ndiyo hiyo sasa. Kaseti mpya zilinishinda bei, nikaokota moja kwenye sanduku la Sudi la kaseti za zamani. Tukarekodi juu yake, upande B tukaweka ule wa nguruwe. Nyimbo ziliisha kabla ya mkanda, wala sikusikiliza mpaka mwisho. Prisila, nisamehe dada yangu. Sikujua."

"Wewe huna kosa, Mwalimu."

Akanigeukia. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Wiki sita, Joackim. Kila lori likipiga honi natoka nje. Nilijua umelisikia jibu langu ukaona halikufai. Baba ananiuliza mshenga yuko wapi, namwambia mvua zimeharibu barabara. Koti lako lile pale ukutani. Nimelipiga pasi mara ngapi? Kumbe wewe jibu umelitupa sandukuni, na leo umekuja kunitukana nalo mbele ya watu."

"Nisamehe. Nilikuwa na wivu."

"Wivu wako haukuniuliza hata swali moja."

"Prisila... huko mwanzo, kabla ya 'nimekubali', ulisema nini?"

"Kamwulize nguruwe! Si wimbo wake umekaa juu ya maneno yangu?"

Mama Dorosela akaficha uso kwenye kanga. Mimi sikuweza hata kutabasamu.

"Basi sema tu kama bado umekubali," nikamwomba.

"Nimeshasema mara arobaini. Wanaokula chapati kwa Shamimu wamenisikia, wapiga debe wa stendi wamenisikia. Wewe nani amekusikia? Nenda, Joackim."

Aliingia ndani akafunga mlango. Nilisimama hapo, nguo zinachuruzika maji, mpaka Hilario akanigusa bega.

"Sikiliza," akasema. "Sudi anataka kuchapa nyingine kabla ya sikukuu. Kaseti ileile. Maneno ya Prisila lazima niyafute, siwezi kumwacha aendelee kuchekwa. Ila nafasi yake pale mwishoni itabaki wazi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo una mdomo."

Kesho yake tulikwenda Makambako pamoja, kiti kimoja, mimi na mtu niliyetaka kumvunja pua. Tukaingia nyuma ya duka la Sudi, kati ya magodoro. Niliharibu mara tano. Mara ya sita Hilario akasema iachwe hivyo hivyo. Sudi alitaka kuanza kuchapa palepale, Hilario akamzuia.

"Mwenye jina aisikie kwanza," akasema. Usiku huohuo alirudi Njombe akampa Prisila ujumbe.

Tarehe ishirini na nne, saa sita mchana, Prisila aliteremka kwenye basi na Mama Dorosela. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kaunta.

"Kaka Sudi, niwekee hiyo kaseti."

Wapiga debe wakasogea. Shamimu akatoka hotelini kwake na mwiko mkononi. Wimbo wa mwisho ukaisha, nikajisikia mwenyewe, sauti imepwaya:

"Naitwa Joackim, mtu wa Mlangali, utingo. Ninyi mlionunua kaseti ya mwanzo, yule dada aliyesema amekubali hakuwa anaigiza. Alikuwa ananijibu mimi. Kaseti niliitupa bila kuisikiliza, kwa wivu. Na wivu sijapona. Hapa Hilario ndiye anayenirekodi, namwonea wivu kwa sababu anajua gitaa. Lakini safari hii nitauliza kwanza. Prisila, siombi urudie uliyosema. Naomba usiyaondoe. Nakupenda. Basi."

Mkanda ukazunguka mtupu. Hakuna aliyecheka. Prisila akaniangalia mimi kwa mara ya kwanza tangu ateremke.

"Yale ya mwanzo hutayasikia tena," akasema. "Nilieleza kwa nini nakupenda. Nilizungumza mpaka mkono uliobonyeza kitufe ukaniuma."

"Najua. Nimeyapoteza mwenyewe."

"Ndiyo, umeyapoteza."

Akamgeukia Sudi.

"Zangu zilitoka arobaini. Zake chapa hamsini. Na wewe Joackim, tafuta mshenga mtu mzima anayejua kuongea, baba anawasubiri kesho baada ya ibada."