Rekreasio Siku ya Mvua

Mwaka 1954, mvua ya Masisi, mashariki mwa Kongo, haikuwahurumia walimu. Asubuhi jua liliwaka vizuri juu ya vilima vya Mushaki. Kila kengele ya rekreasio, saa ya kucheza nje, ilipolia, wingu lilishuka na kumwaga maji. Mwalimu Symphorien, aliyefundisha kalasi ya pili, alianza kuamini kwamba wingu lile linasikia kengele.

"Mubaki ndani!" alisema kila siku. "Na mutulie!"

Hawakutulia. Kalasi ilikuwa chumba kimoja cha kuta za udongo, na watoto walijaa hadi mlangoni. Walikimbizana juu ya mabenchi. Walipiga mpira wa majani ya migomba mpaka vibao vya kuandikia vikavunjika. Mwalimu wa kalasi ya jirani aligonga ukuta kwa ngumi.

Siku moja benchi lilipinduka. Nyiraneza, msichana mdogo mpole, alikuwa amepanda juu yake ili awakwepe wavulana. Alianguka, na mkono wake ukavunjika. Symphorien alimbeba mwenyewe kwenye mvua hadi zahanati.

Jioni, baba wa mtoto, Hakorimana, alifika shuleni. Koti lake lilikuwa linachuruzika maji.

"Mwalimu, nilikuachia mutoto kwa kusoma. Unanirudishia mutoto wa kufunga bandeji."

"Unisamehe, Papa Hakorimana. Ni hii mvua..."

"Ni mvua njo ilimuvunja mukono?" Hakorimana alitikisa kichwa. "Akipona, atabaki nyumbani. Atachunga mbuzi. Mbuzi haziangushake muntu."

Nyiraneza ndiye aliyesoma vizuri kuliko wote.

Kesho yake aliamuru kwa ukali, "Mikono juu ya meza! Kimya!" Watoto wakakaa kama watu wa matanga. Wengine walisinzia. Wengine walipigana mateke chini ya meza. Somo la hesabu lilipoanza, hakuna aliyesikiliza. Walikuwa wamechoka kukaa.

Akajaribu mchezo. Watoto wazunguke mabenchi wakiimba, na wimbo ukikatika, anayekosa nafasi ya kukaa atoke. Waliotoka hawakuwa na kazi, kwa hiyo walianza kupigana ukutani.

Symphorien alirudi nyumbani akatupa kofia yake kitandani.

"Nimechoka! Hawa batoto watanizika!"

Mke wake, Adelaïde, alikuwa anamenya viazi. Hata hakuinua macho, akamwita kwa jina la mtoto wao. "Papa Léopold, kila siku unagombana na mvua. Mvua haikusikie. Enda kwa Mama Valérie."

Mama Valérie alikuwa jirani yao. Alisomea kazi ya kulea watoto wadogo kwa masista, na sasa alifundisha akina mama katika fwaye, nyumba ambako walijifunza kushona na kutunza watoto. Symphorien alimkuta barazani akichambua maharagwe. Alimweleza yote bila kupumua.

"Unabachezesha muchezo gani?" Mama Valérie aliuliza.

"Ile ya inje."

"Sasa njo shida. Mupira unataka uwanja. Kalasi yako iko na uwanja?"

"Hapana! Lakini nikibakalisha kimya, wanasinzia!"

"Kukaa hakupumzishe mutoto. Asubuhi yote amekaa. Kwanza basimame, kila mutu fasi yake. Banyooshe mikono, baruke kidogo, bila kukimbia. Kisha bakae bacheze. Wewe uchague michezo ile inaenea mu chumba. Halafu uache kila mutoto achague ule anapenda."

"Na anayeshindwa?"

"Asitoke, Mwalimu. Inje, mwenye kutoka anaenda kutafuta muchezo mungine. Ndani, anatafuta mwenzake wa kupiga. Upange ile michezo ambayo mwenye kushindwa anaanza tena. Kisoro. Kamba ya vidole. Vitendawili, lakini kwa sauti ndogo." Akatupa haragwe bovu. "Na wewe, wakati wa rekreasio unakuwa wapi?"

"Kwa Direkta. Tunakunywa chai."

"Aa! Saa ile njo benchi inapinduka."

Symphorien aliudhika, lakini alijua ni kweli. Kesho yake aliiacha chai yake ipoe kwa Direkta, mkuu wa shule. Alibaki ndani na watoto. Waliruka mahali pao, wakacheka, wakakaa. Aliwagawia maharagwe ya kuchezea kisoro, aina ya bao, juu ya miduara aliyochora sakafuni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Jean-Bosco alipoingiza haragwe puani.

Walimfanya apige chafya mpaka likatoka. Symphorien alikwenda tena kwa Mama Valérie, amefura kwa hasira.

"Hukuniambia habari ya pua!"

Mama Valérie alicheka mpaka akajifuta macho. "Pole, kaka yangu! Basi uokote vijiwe. Vikubwa kuliko tundu la pua."

Akaokota vijiwe mtoni. Akachimba vishimo vya kisoro katika sakafu ya udongo, nyuma ya kalasi. Direkta alipoviona alipandwa na hasira.

"Nani amechimba mashimo ndani ya masomo, ndani ya shule yangu?"

"Ni mimi, Direkta."

Direkta alitaka kuendelea, kisha akasikiliza. Mvua ilinyesha. Watoto walinong'ona vitendawili. Mwalimu wa jirani hakugonga ukuta. Direkta akafunga mlango polepole, akaenda zake.

Mkono wa Nyiraneza ulipopona, Symphorien alipanda kilima hadi kwa Hakorimana.

"Sikuombe kitu, Papa. Ukuje tu na mutoto siku ya mvua. Uone na macho yako."

Hakorimana alikuja. Alisimama mlangoni, amekunja uso. Nyiraneza alichagua kamba ya vidole na kukaa kati ya wasichana. Hakuna aliyemsukuma. Mwalimu alipita kati ya mabenchi, akiangalia kila pembe. Hakorimana akasogea nyuma, kwenye vishimo. Jean-Bosco hakuwa na mwenzake wa kucheza. Basi Hakorimana akachuchumaa kucheza naye.

Kengele ililia. Watoto walikusanya vijiwe na kamba, wakarudi kwenye nafasi zao. Hakorimana alibaki chini.

"Papa Hakorimana, kengele imelia," Symphorien alisema.

"Ungoje kidogo, Mwalimu. Huyu mutoto ameniibia."

"Sikukuibia, Papa," Jean-Bosco alisema kutoka kwenye benchi lake. "Umeshindwa."

"Tuanze tena! Mara moja tu!"

Symphorien aliangalia paa, akashusha pumzi ndefu. "Yezu wangu! Batoto bote batulie, halafu baba zao banisumbue? Papa, ninaomba. Toka. Tuko na hesabu."

Hakorimana aliinuka, akapangusa magoti. Alifika mlangoni, akageuka kumtazama binti yake.

"Nyiraneza, kesho ukuje masomo mapema. Uangalie vizuri namna huyu kijana anapitisha vijiwe vyake. Jioni utanifundisha."