Yule Aliyetulia

Binti wa fundi cherehani wa mtaani kwetu alikuwa na akili, ila karatasi ya mtihani ikiwekwa mbele yake, vidole vilimcheza hata kalamu ikamponyoka. Wenzake wa bweni walimbandika jina la Tetemeko.

"Leo tushikilie kuta jamani," walimtania, "Tetemeko ana mtihani."

Alicheka nao. Lakini alishafeli somo moja, na mtihani wa marudio ulikuwa nafasi yake ya mwisho. Akianguka tena, anafungasha virago, na mama yake alikuwa amepinda mgongo kwenye cherehani kwa ajili yake.

Akaenda kwa mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mpole.

"Fumba macho, mwanangu. Jione umeketi kwenye kiti chako, umetulia, unaandika. Fanya hivyo kila siku."

Akafanya. Mwanzo alimwona yule binti wa kwenye kiti kwa mbali, mgongo tu. Picha ile ilimpoza moyo kuliko sala, na sala akaiacha kidogo kidogo. Akifumba macho hakumtafuta tena Muumba wake, alimtafuta yule wa kwenye kiti. Kila siku alimwona vizuri zaidi.

Usiku wa kuamkia mtihani, yule binti aliacha kuandika. Akageuka. Akatabasamu.

Naye hakuwa amemwaza akitabasamu.

Asubuhi alifika mapema kwenye ukumbi. "Shikamoo," alimwambia msimamizi mlangoni. Msimamizi alimtazama mwanafunzi wa nyuma yake.

Akachungulia dirishani. Kiti chake kilikuwa na mtu. Gauni lake. Nywele zake. Kalamu ikitembea bila kusita.

Akagonga kioo. Hakikulia.

Akagonga tena. Kalamu haikusimama.

Mtihani ulipokwisha, alikimbia hadi kwao. Alipofika, sauti yake mwenyewe ilikuwa tayari inaongea ndani.

"Mama, nimeweza."

"Mungu mkubwa. Hebu simama nikupime, nikushonee gauni la mahafali." Fundi akacheka. "Umetulia leo, utadhani si wewe."

"Mama," aliita yule wa nje. Pumzi yake haikutia ukungu kwenye kioo cha dirisha.

Fundi akapitisha utepe mabegani, akashuka nao mkono wa kushoto. Akasita. Kidole kikatafuta kovu la pasi, alipoungua bintiye akiwa bado anatambaa. Ngozi ilikuwa laini.

Kwa huyu, kovu lilikuwa mkono wa kulia.

Fundi akainua macho dirishani, pale pale aliposimama mwanawe. Mungu ndiye ajuaye alichokiona. Kisha akamgeukia yule aliyetulia, yule aliyeweza.

Akavuta pazia.

Binti alihitimu. Ana kazi nzuri, na watu humsifu kwa upole wake. Nguo zake zote bado hushonewa na mama yake.

Zote ni za mikono mirefu.